Fundo la Mafunjo

Matope ya Uingereza yananuka sawasawa na ya kwetu. Nasema hivi kwa sababu nimeyachimbua kwa mikono yangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti.

Mashua yetu ilikuwa imekwama. Si mashua kama zile za kwetu Majanji, ziwani. Ile ni ya chuma, ndefu kama malori mawili yaliyofuatana, imepakwa kijani na nyekundu, lakini upana wake ni wa kitanda cha watu wawili tu. Ndani ina jiko, meza, choo na mapazia. Inatembea kwenye mifereji ambayo Wazungu waliichimba zamani kwa majembe ili kubebea makaa ya mawe, na siku hizi watu wanaikodi kwa siku moja ili watembee polepole. Umesikia vizuri. Wanalipa ili wachelewe. Kulikuwa na mbwa anatembezwa na ajuza mmoja kando ya mfereji. Mbwa alitupita, akasimama kukojoa, tukampita, akatupita tena.

Nyuma kabisa, akiwa ameshika usukani, alisimama binti yangu Nafula, ambaye ni nesi huko. Katikati, juu ya paa, alikaa Barasa, kijana anayetaka kumwoa. Mimi niliwekwa mbele, omoni, kwenye kiti cha mgeni wa heshima, na kazi yangu ilikuwa kutazama njia, maana mashua ni ndefu mno na aliye nyuma haoni vizuri kilicho mbele. Mwisho wa safari, kwenye hoteli moja iliyo kando ya maji, shangazi yake Barasa alikuwa anatungoja na chakula. Alikuja kwa niaba ya ukoo wao. Nilijua atakachosema. Nilijua pia ninachotakiwa kujibu.

Huyu Barasa kwao ni Busia, upande wa Kenya. Kutoka duka langu kubwa, upande wa Uganda, mpaka kwao ni mwendo wa kumaliza muhogo mmoja wa kuchoma. Nafula amevuka bahari kwenda kuokota mume ambaye ningemwona nikipanda juu ya bati la ghala langu. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Baba, wewe ungemwona ungemfukuza." Kweli. Ningemfukuza.

Basi tulifika mahali maji yanapogawanyika. Njia ya kulia ndiyo ya kwenda hotelini. Mimi nikapaza sauti kutoka omoni, "Kulia pamefungwa! Wamevuta kamba!"

Nafula akajibu kutoka nyuma, "Nimeiona, Baba." Akageuza kushoto.

Kamba haikuwepo. Nitafika hapo.

Kushoto maji yakawa membamba, majani marefu yakatusogelea huku na huku, na baada ya muda chuma kikakwaruza chini, tukasimama. Barasa alihangaika. Aliruka kutoka kwenye paa, akaongeza moto wa injini, maji yakakorogeka mpaka yakawa kama chai ya maziwa. "Mzee, niwapigie simu wenye mashua?"

"Zima hiyo injini," nikamwambia. "Nipe ule mti."

Juu ya paa walikuwa wameweka mti mrefu, mlaini, wa kusukumia, na nafikiri hakuna aliyeugusa tangu uwekwe pale. Nikauzamisha mpaka ukaingia kwenye tope. Nikauzungusha kidogo kabla ya kuuvuta, kwa sababu ukiuvuta bila kuuzungusha tope linakunyang'anya. Mapovu yakapanda. Na pamoja na mapovu ikapanda harufu, ya majani yaliyooza na chuma kibichi na yai bovu, nikajikuta nina miaka saba na jino linalocheza.

Mimi ni mtu wa darasa la nne, na hata hilo sikulimaliza. Lakini nina maghala pande zote mbili za mpaka, nina malori, nina nyumba yenye ngazi ndani. Watu waliosoma mpaka wakavaa miwani ndio wananiamkia asubuhi. Nikiulizwa nani alinifundisha, najibu nilijifundisha mwenyewe, na hivyo ndivyo nimesema miaka yote, kanisani, harusini, matangani, popote wanaponipa kipaza sauti. Wewe wa rika langu labda umewahi kunisikia. Leo nataka kusahihisha kidogo. Kidogo tu.

Nililelewa Majanji na mama yake mama yangu. Tulimwita Kukhu, kama Wasamia wote wanavyomwita bibi. Baba yangu alikuwa Mpadhola wa Nagongera, na alifariki kabla sijajua kutembea. Mama akaolewa tena, mbali, na huko hawakutaka mtoto wa mtu mwingine. Nikabaki na Kukhu, na sikuwahi kuona kwamba nimepungukiwa na kitu. Tulikuwa na nyumba, kuku wanne, na mtumbwi.

Mwanamke kupanda mtumbwi wa kuvua samaki kulikuwa mwiko. Wanaume walisema nyavu zitarudi tupu. Lakini kukata mafunjo hakuna aliyemkataza, kwa hiyo Kukhu alikuwa na mtumbwi wake mwenyewe, mwembamba, mzee, umezibwa kwa matambara na lami. Asubuhi tunaingia kwenye mafunjo mdomoni mwa mto, anakata, anafunga mizigo, tunarudi, anasuka mikeka. Mafunjo huko ni marefu kuliko nyumba. Ukiwa ndani huoni ziwa wala kilima, unaona mbingu kidogo tu juu, na njia za maji zinakwenda na kuachana kama nyuzi za mkeka wenyewe. Kukhu alisimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Jicho lake la kulia lilikuwa limekufa, na la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe. Kwa hiyo macho nilikuwa mimi. Nilikaa mbele na kumwambia njia.

"Kushoto kidogo, Kukhu. Kisiki. Sasa nyoosha. Kiboko!"

"Kiboko wa wapi? Hilo ni gogo lile la juzi."

Mara nyingine aligeuza kabla sijasema. Nilidhani ni bahati.

Kulikuwa na desturi moja ya watu wa mafunjo ambayo lazima uijue. Mafunjo mengine hayana mizizi chini. Yanaelea, kisiwa kizima, na upepo ukivuma yanakwenda kuziba njia. Ukikuta njia imezibwa unarudi mpaka pale njia zinapoachana, unashika vichwa vya mafunjo viwili upande ule uliozibwa, unavifunga fundo. Anayekuja nyuma yako akiona fundo, anajua, anapita njia nyingine. Hakuna aliyefunga fundo la uongo. Mtu angeweza kukuibia samaki na bado mkasalimiana, lakini fundo la uongo, hapana. Watu wangelala njaa majini kwa sababu yako.

Msimu ule nilipokuwa na miaka saba, mvua ilinyesha mpaka barabara ikakatika. Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba nachokora shimo la panya, nikasikia Kukhu akiongea na jirani yetu.

"Wanaleta ng'ombe?" jirani aliuliza.

"Wanaleta. Mdogo wake baba yake amemswaga kwa miguu kutoka Nagongera. Hawezi kufika huku, barabara mbovu. Tutakutana kivukoni, upande wa Masinya."

"Basi mtoto ameenda."

"Ameenda," alisema Kukhu.

Nikaacha panya.

Jioni ile Kukhu alinishika kidevu, akanifungua mdomo, akaangalia meno yangu moja moja kwa kidole. Sasa wewe elewa, mimi nilikuwa nimeshakwenda mnada wa ng'ombe. Nilikuwa nimeona wanunuzi wanavyomshika ng'ombe taya na kumwangalia meno. Kisha akanisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka, akanipaka samli kichwani na miguuni. Ng'ombe wa mnada nao walikuwa wanasafishwa hivyo. Nikajua. Nabadilishwa na ng'ombe.

Sikulia. Mimi tangu zamani si mtu wa kulia, ni mtu wa kupanga. Asubuhi, kabla hatujaondoka, nikachukua uzi wa nyavu, nikafunga lile jino lililokuwa linacheza, nikafunga ncha ya pili kwenye mlango, nikaupiga mlango teke. Nilitaka bei yangu ishuke. Nikaenda kwa Kukhu damu inanitoka, nikafungua mdomo ili aone hasara.

"Limetoka?" alisema. "Vizuri. Unakua."

Mpango wa kwanza ukafa hapo.

Tukapanda mtumbwi. Ziwa lilikuwa limetulia, jua halijawa kali, na Kukhu alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, ameweka kikapu cha chakula na mkeka mpya uliokunjwa. Nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko wa unga, mfuko mdogo wa kilo mbili, na haukujaa. Tulipoingia kwenye mafunjo baridi ikatushika, na ile harufu ikaanza kupanda kila alipouvuta upondo. Nikafikiria. Ng'ombe ametembea siku mbili. Amechoka. Tukikawia sana atachoka kungoja, atataka kurudi kwao, na mwenye ng'ombe itabidi amfuate. Nilikuwa nimeona mbuzi wa jirani akifanya hivyo. Kwa hiyo dawa ilikuwa kukawia.

Tukafika pale njia zinapoachana. Kulia ni kivukoni. Kushoto ni njia ndefu inayozunguka na kuishia kwenye kidimbwi kikubwa kilichofungwa pande zote, hakina pa kutokea.

"Othieno, kukoje?" aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Kuna fundo, Kukhu. Kulia."

Upondo ulisimama. Mtumbwi ukateleza wenyewe mpaka karibu kabisa na mafunjo ya kulia. Kukhu akanyoosha mkono, akapitisha kiganja kwenye vichwa vya mafunjo, taratibu, kama anayempapasa mtoto nywele. Kisha akarudisha mkono.

"Ee," akasema. "Nimeliona."

Akageuza kushoto.

Nakuambia, sijawahi kuonja ushindi kama ule tena, hata siku niliyonunua lori la kwanza. Nilikuwa nimewashinda watu wazima na ng'ombe wao. Nilikaa pale mbele mgongo umenyooka, na kila kona nilimtajia kwa sauti ya mtu mwenye njia yake.

Kidimbwi kilikuwa kimejaa mayungiyungi. Ndege wenye miguu mirefu walikuwa wakitembea juu ya majani yake bila kuzama. Kukhu alilaza upondo, akakaa, akafungua kikapu. Viazi vitamu vya kuchoma, na kipande cha sato wa moshi, kikubwa kuliko alichowahi kunipa.

"Tumepotea?" niliuliza, nikajifanya mtoto asiyejua.

"Tumepotea," alisema huku akimenya kiazi. "Kula."

Tukala. Hakuwa na haraka. Alinisimulia jinsi mama yangu alivyoanguka majini pale pale alipokuwa na umri wangu, akatoka na kambale mdogo ndani ya gauni, watu wakasema amevua bila ndoano. Nilicheka mpaka kiazi kikanipalia. Sijui tulikaa kiasi gani. Jua lilisogea kutoka upande mmoja wa kidimbwi mpaka katikati.

Halafu akasema, "Simama. Njoo huku nyuma."

Sikuwa nimewahi kuruhusiwa kushika upondo. Nyuma palikuwa pake.

"Leo tumepotea," akasema, "hakuna wa kutuona ukianguka. Shika hapa. Sio kwa mkono, shika kwa mwili wote. Zamisha. Umeona chini?"

"Nimeona."

"Sukuma. Sasa usivute. Othieno! Nimesema usivute. Zungusha kwanza, tope likuachie kwa hiari yake. Ukigombana nalo litakubakisha juu ya mti kama nyani, na mtumbwi uende zake."

Mara ya kwanza niligombana nalo. Nikabaki juu ya mti kama nyani. Kukhu alilazimika kunyoosha mguu na kurudisha mtumbwi chini yangu, akicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana. Mara ya kumi hivi mtumbwi ulinyooka. Mara ya ishirini nilikuwa nahodha. Nilizunguka kidimbwi chote, mayungiyungi yakijipindua pembeni, yeye amekaa mbele mahali pangu, mikono mapajani, kama bibi wa kizungu.

Hapo ndipo nikauliza, kwa sababu nilijiona mkubwa. "Kukhu, ng'ombe akichoka kungoja anarudi kwao?"

"Kwa nini arudi?"

"Ili usimpate. Ili usiniuze."

Aligeuka taratibu, mtumbwi usiyumbe. "Nani amekwambia unauzwa?"

Nikamwambia yote. Meno, dodoki, samli. Nikamwambia na jino nililoling'oa kwa mlango ili bei ishuke. Nilipofika kwenye jino aliziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka au la. Nadhani ilikuwa yote mawili.

"Sikiliza wewe," alisema. "Mtoto akilelewa kwa mama, siku ukoo wa baba unapokuja kumchukua wanaleta ng'ombe. Si wa kununua. Ni wa kusema, tumeona mlivyomlea. Wangekuja mikono mitupu, ningewapa mtoto na mlango ungefungwa hapo, ungekuwa wao tu. Ng'ombe akiingia kwangu, wewe una nyumba mbili. Maziwa yake ni yako. Ukija kila mavuno unakuja kunywa maziwa yako, na hakuna mtu wa Nagongera atakayekuuliza unakwenda wapi. Mimi ndiye niliyewaambia walete. Ungekaa hapa na mimi, na macho haya, mpaka lini? Huko kuna shamba la baba yako. Unataka wengine walilime mpaka wasahau ni la nani?"

Nilikuwa nazungusha upondo kwenye tope bila kuuvuta.

"Umeshiba?" akauliza.

"Nimeshiba."

"Basi turudi. Watu wanangoja."

Hakuomba upondo. Nikageuza mtumbwi mwenyewe, na mwenyewe nikausukuma njia yote ile ndefu, mikono ikawa na malengelenge. Tulipofika pale njia zinapoachana niliogopa ataniambia nimwonyeshe fundo. Lakini alikuwa amegeuza uso upande wa pili, anaimba wimbo wa kanisani kwa pua, na hakugeuka mpaka tulipopita.

Kivukoni baba mdogo Opendi alikuwa amekaa chini, viatu amevivua, kamba ya ng'ombe imezungushwa kwenye kifundo cha mguu. Ng'ombe alikuwa mwekundu, na alikuwa amelala. Opendi alijua Kipadhola na Kukhu alijua Kisamia, kwa hiyo waliongea Kiswahili, kile chetu cha sokoni.

"Mama, sisi nangoja hapa tangu asubuhi. Ng'ombe imechoka kusimama, sasa imelala."

"Njia ilifungwa, mwanangu."

"Ilifungwa na nini? Mbona watu wengine wanapita tu?"

"Mafunjo. Ilikuwa na fundo. Hii mtoto ndiyo iliona."

Opendi akaniangalia, mimi na malengelenge yangu na pengo langu. "Na wewe mama, uliona?"

"Niliona na macho yangu."

Baba mdogo akatazama lile jicho la ukungu. Akatazama lile lingine. Akakohoa. "Sawa, Mama. Fundo ni fundo."

Kukhu akachukua kamba ya ng'ombe, baba mdogo akachukua mkono wangu, na ule mkeka mpya akapewa yeye aubebe, uwe wangu wa kulalia. Nilikwenda bila kulia. Niligeuka mara moja tu. Kukhu alikuwa ameshika kamba, akingoja kivuko cha kuwarudisha Majanji, anaongea na ng'ombe kwa sauti ya chini.

Alimpa jina. Alimwita Othieno, ingawa alikuwa jike. Nilipokwenda kila mavuno kunywa maziwa yangu, Majanji nzima ilinicheka. "Othieno amekamuliwa leo?" "Othieno ameingia kwenye shamba la watu!" Nilikunywa maziwa ya Othieno mpaka nikaota ndevu. Huko Nagongera nililima shamba la baba, nikauza muhogo, nikanunua baiskeli, nikaanza kubeba mizigo ya watu kwenda mpakani, na mengine unayajua. Kukhu alifariki wakati nina lori moja tu. Sikuwahi kumwambia kwamba fundo halikuwepo. Nilijihesabia ile siku kuwa biashara yangu ya kwanza. Nilimdanganya mpofu nikapata siku nzima bure, na sikuona aibu, maana nilikuwa mtoto.

Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka juzi, Uingereza, na mti mkononi.

Nilizungusha, nikasukuma, nikazungusha, nikasukuma. Chuma kile chote kikaguna, kikajiachia. Barasa, aliyekuwa amepanda tena juu ya paa, alibaki mdomo wazi.

"Mzee! Umejifunza wapi?"

Jibu langu la kila siku lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza. "Kwa bibi yangu," nikasema. "Shuka, uchukue huu mti. Nakufundisha. Na usivute!"

Nikamwacha anagombana na tope la watu, nikapita pembeni mwa paa, nikishika reli, mpaka nyuma kwa Nafula. Alikuwa ameegemea usukani, anatafuna karanga, ametulia kama mtu asiyengojwa na mtu.

"Nafula, ile kamba. Kule njia zinapogawanyika. Ulisema umeiona."

"Ee."

"Uliiona kweli?"

Akacheka. "Baba, nina ramani kwenye simu tangu asubuhi. Na pale hakukuwa na kamba. Kulikuwa na bata wawili."

"Sasa mbona ulisema umeiona?"

Akanimiminia karanga kiganjani. Alichukua muda, mpaka zote zikatoka kwenye mfuko.

"Wewe ulitaka iwepo," akasema. "Na mimi sikuwa na haraka."

Nilikaa chini, pale pale kwenye chuma, na suti. Mbele kule Barasa alikuwa anapiga kelele kwamba mti umekataa kutoka. Mimi nilikuwa nahesabu jambo ambalo mtoto wa miaka saba angeweza kulihesabu kama angekuwa na akili niliyodhani ninayo. Kukhu alipitisha mkono kwenye mafunjo. Mkono wake ulikuwa umekata na kusuka mafunjo maisha yake yote. Asiyeona kitu angeniambia, haya, kama unasema lipo. Aliyejua na kutaka kufika angeniambia, halipo. Yeye aliniambia, nimeliona. Halafu akafungua kikapu ambacho ndani yake kulikuwa na chakula cha watu wanaokwenda kushinda mahali siku nzima.

"Baba? Unalia?"

"Mimi? Ni hii harufu."

Nikala karanga zangu zote. Nikajifuta mikono. Jua la kule ni dogo, lakini lilikuwa bado lipo.

"Turudi," nikasema. "Watu wanangoja."

Mashua ile hairudi nyuma vizuri, inakwenda upande inaotaka yenyewe. Kwa hiyo niliisukuma kwa mti mpaka kule maji yanapogawanyika, Barasa akanipokea nilipochoka, na sitaki kumsifu sana, lakini mara ya kumi hivi alikuwa anauzungusha kabla ya kuuvuta. Bata walikuwa bado pale pale.

Hotelini shangazi yake Barasa alikuwa amesimama mlangoni, mama mnene wa Kisamia, kilemba kirefu, mikono kiunoni. "Mbona mmechelewa, watu wangu? Supu imekuwa baridi, nimewaambia wairudishe jikoni mara mbili!"

Nafula akawahi. "Njia ilifungwa, Shangazi. Baba aliona kamba."

"Kamba?" Mama yule alinigeukia, akanitazama kuanzia tope la viatuni mpaka kwenye tai. "Kamba gani hiyo?"

"Kamba," nikasema, nikamshika mkono kwa heshima yote. "Hata huyu mtoto aliiona na macho yake."

Akakohoa. Tukaingia, tukakaa, supu ikaletwa mara ya tatu. Alipoweka kijiko chini na kujiweka sawa kwenye kiti, nilijua maneno ya ukoo yanakuja, nikamtangulia.

"Shangazi, kabla hujaanza. Ng'ombe wa kwanza mtakayeleta kwangu, mimi nitamwita Nafula. Hata akiwa dume."